Jibu la Kuazima

Nyumbani walimwita Kinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na jina likamganda mpaka akafika miaka ishirini na nane, akiwa amekwisha kufanya kazi tatu na kuziacha zote bila kugombana na mtu. Alianza kwenye maabara ya shule, akiosha chupa na kufuta darubini. Akahamia duka la dawa. Kisha ofisi ya bima, kwenye simu, ambako kazi yake kubwa ilikuwa kuwaambia watu wasubiri kidogo. Kote huko alisifiwa, na kote huko, baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, alijikuta asubuhi amekaa kitandani, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akijaribu kukumbuka anawahi nini.

Hakuwa mvivu. Dada yake, muuguzi wa wodi ya wazazi, mtu asiyejua kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa, alilisema hilo hata mbele ya wageni.

"Mdogo wangu si mvivu. Hajui tu anataka nini."

Halafu akaendelea kula.

Kinda aliishi kwa dada yake huyo, katika chumba cha nyuma ambacho alikitumia pamoja na cherehani na masanduku mawili ya nguo za zamani. Alipoacha kazi ya simu alikaa miezi miwili akituma barua za maombi. Duka moja la miwani lenye karakana yake ndani lilitangaza kwamba linatafuta fundi msaidizi. Uzoefu haukuhitajika, angefundishwa. Tangazo lilisema wanataka mtu mwenye mikono iliyotulia. Kinda aliitazama mikono yake juu ya meza, akaona imetulia, akaandika barua. Wiki iliyofuata akapigiwa simu aende kwenye usaili.

Habari hizo zilimfurahisha zaidi shemeji yake. Mume wa dada aliuza vigae vya sakafu, na kabla ya vigae aliuza rangi, na kabla ya rangi aliuza pampu za maji. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa amefanyiwa usaili mara kumi na moja na kushinda mara tisa. Jioni hiyohiyo, sahani zikiwa bado mezani, alivuta kiti, akashika kijiko kama kalamu.

"Haya. Miaka mitano ijayo unajiona wapi?"

"Sijui, shemeji."

"Umekosa kazi. Toka nje, ingia tena."

Kinda hakutoka nje, ila alijiweka sawa kwenye kiti. "Labda nitakuwa hapohapo, bado najifunza."

"Umekosa kazi. Mtu wa 'labda' haajiriwi. Kampuni ina matawi mangapi?"

"Ina duka moja tu."

"Vizuri sana! Basi sema hivi: 'Baada ya miaka mitano najiona nikiongoza tawi la pili la kampuni hii.' Wenyewe watafurahi. Hata hawajawahi kuwaza tawi la pili."

"Na wakilifungua je?" dada aliuliza.

"Nani, wale? Wako kwenye kile kichumba tangu mimi sijaoa."

"Lakini si kweli," Kinda alisema. "Mimi sijui kama nataka kuongoza kitu."

Shemeji aliweka kijiko chini. "Shemeji yangu, sikiliza. Lile si swali. Ni kama mtu kukuuliza habari za asubuhi. Wewe ukiulizwa habari za asubuhi unaanza kueleza mgongo unavyouma? Unasema nzuri, mnasonga mbele."

Kinda aliliona hilo kuwa na maana. Kwenye saili zake zilizopita alikuwa akijibu swali hilo kwa kubabaika, akitafuta la kweli na kulikosa, na kila mara aliona kalamu ya upande wa pili ikisimama. Safari hii alilikariri jibu la shemeji. Alilisema akiosha vyombo, akalisema akianika nguo, akalisema kimoyomoyo kwenye foleni ya maji ya kunywa dukani. Kufika Jumapili lilikuwa likitoka lenyewe.

Usaili ulifanyika Jumanne saa nne asubuhi, katika chumba cha juu ya duka, mlimopangwa maboksi ya fremu mpaka dirishani. Walikuwa watu watatu. Meneja, mwanamume wa makamo aliyezoea kupandisha miwani yake kwenye paji la uso kisha kuitafuta. Mwanamke mmoja aliyekodiwa kwa siku hiyo kuendesha usaili, ambaye aliandika kila kitu. Na Fundi Mkuu wa karakana, mzee mwenye koti la buluu na kucha zilizokatwa fupi sana, ambaye hakuuliza swali hata moja.

Kwanza walimpa jaribio. Fremu ilikuwa imeng'oka mkono mmoja, na alitakiwa kuurudisha kwa skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Kinda alishika kibano, akaitia skrubu kwenye tundu, ikamponyoka ikaanguka sakafuni. Hakuruka, hakuinama. Alisimama vilevile alivyokuwa.

"Naomba mtu yeyote asisogeze mguu," alisema.

Kisha akachutama taratibu, akapapasa sakafu kwa kiganja kipande kwa kipande, akaikuta karibu na mguu wa meza. Akairudisha mahali pake. Ilimchukua dakika nne, na kwa dakika hizo nne meneja alikaa ameinua mguu mmoja hewani.

Ndipo yule mwanamke akauliza. "Miaka mitano ijayo unajiona wapi?"

"Najiona nikiongoza tawi la pili la kampuni hii," Kinda alisema kwa macho makavu.

Meneja alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso ili amwone vizuri. Mwanamke akaandika. Fundi Mkuu alikuwa akifuta miwani yake mwenyewe kwa ncha ya koti, wala hakuinua uso.

Siku tatu baadaye aliitwa kazini.

Karakana ilikuwa nyuma ya duka, chumba kirefu chembamba chenye taa tatu na mashine mbili. Moja ilipima lenzi, nyingine ilisaga kingo zake mpaka zikae sawasawa ndani ya fremu. Maji yalitiririka juu ya jiwe la kusagia muda wote, na jioni mikono ya Kinda ilikuwa na unga mweupe kwenye mikunjo. Fundi Mkuu alimfundisha kwa maneno machache. "Tazama." "Tena." "Hapana." Mwezi wa tatu akasema "Haya," na Kinda akajua hapo amesifiwa. Alijifunza kutia alama katikati ya lenzi, kupasha fremu moto bila kuiunguza, na kugundua kwa kutazama tu kwamba mteja anaona kizunguzungu kwa sababu lenzi imekaa unywele mmoja pembeni. Alipenda wakati ule mteja anapovaa miwani mipya na kugeuka kutazama mlango, ukuta, saa, kama mtu aliyehamia nyumba jana.

Mbele, kwenye kaunta, kulikuwa na Mama Pacha. Alikuwa ana miaka saba pale. Yeye ndiye aliyefungua duka asubuhi na kulifunga jioni, aliyepiga simu fremu zikichelewa, aliyejua mteja gani asiambiwe "subiri" na yupi asiambiwe "umri". Meneja mwenyewe alipokwama alitoka ofisini akasema, "Mama Pacha, hili tulikuwa tunalifanyaje?" Naye alijibu bila kuacha alichokuwa akikifanya. Kinda alipokosea oda ya kwanza, Mama Pacha alimpigia mteja, akacheka naye, akapata siku mbili zaidi. Hakuna aliyejua alimwambia nini.

Mwaka ulipita. Asubuhi za soksi mkononi hazikurudi. Kinda alilitambua hilo, ila hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuwa na hakika kama lina maana yoyote.

Mwezi wa kumi na nne, siku ya Alhamisi, meneja alimwita ofisini, akafunga mlango. Alikuwa na furaha ya mtu anayekaribia kutoa zawadi.

"Tunafungua duka la pili. Upande wa hospitali. Chumba tumeshapata, mafundi wa rangi wanaingia mwezi ujao."

"Hongera, bosi."

"Hongera ni zako." Alifungua faili, akaligeuza ili Kinda asome. Lilikuwa faili lake. Karibu na chini ya ukurasa, kwa mwandiko wa yule mwanamke wa usaili, palikuwa na maneno: *Malengo: kuongoza tawi la pili. Ana dira.* "Wewe ulisema miaka mitano. Mimi nimekuletea kabla ya miwili. Utaanza kama msimamizi. Mshahara utapanda karibu nusu."

Kinda alihisi kama mtu aliyeitikia salamu barabarani, kumbe aliyesalimiwa ni mwingine nyuma yake.

"Na Mama Pacha je?" aliuliza.

Uso wa meneja ulibadilika kidogo. Alinyoosha mkono kwenye rafu, akatoa faili jingine, jembamba, lililopauka kingo. "Mimi nampenda Mama Pacha. Ni mkono wangu wa kulia. Lakini uongozi unataka mtu anayejua anakokwenda. Tazama mwenyewe, nilimwuliza siku ya kwanza kabisa."

*Malengo: hana,* iliandikwa. *Anasema ataona mbele.*

Kinda alilisoma mara mbili. Lilikuwa jibu lake yeye, lile alilokuwa akilitoa miaka yote kabla ya shemeji kumpa lake.

"Naomba mpaka Jumatatu, bosi."

"Jumatatu?" Meneja alipandisha miwani. "Sawa. Watu wengine wangebusu faili."

Nyumbani shemeji alipiga makofi. Alisimama, akazunguka meza, akakaa, akasimama tena. "Nilisema mimi! Nilisema au sikusema?"

"Ulisema hawatafungua," dada alimkumbusha.

"Nilisema aseme. Amesema, limekuwa. Sasa tatizo liko wapi?"

Dada alimgeukia Kinda. Alikuwa ametoka zamu, viatu bado miguuni. "Wewe unataka?"

"Sijui."

"Sijui ya kuogopa, au sijui ya kutotaka?"

Kinda alibeba vyombo, akaenda kuviosha, na huko kwenye sinki alijaribu kuipanga kazi ya msimamizi kichwani, saa baada ya saa. Kushika funguo. Kupiga simu. Kuandika ratiba za watu. Kumpoza mteja aliyekasirika na mfanyakazi aliyenuna. Kuwaambia watu wasubiri kidogo. Kugusa mashine hakukuwemo, isipokuwa kuita fundi ikiharibika. Alijichunguza kama anaogopa. Alikuwa anaogopa kidogo, ndiyo. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine, uzito uleule aliokuwa akiuhisi asubuhi kabla ya kwenda kwenye simu za bima.

Jumamosi karakana ilifanya kazi nusu siku. Fundi Mkuu alikuwa akisafisha jiwe la mashine kwa mswaki wa zamani. Kinda alivuta kigoda, akamwambia yote: kijiko cha shemeji, kukariri, faili lake na faili la Mama Pacha. Mzee alisugua mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nilikuwepo," alisema hatimaye. "Ulilisema lile jibu kama mtu anayesoma kibao cha barabarani."

"Ulijua?"

"Kila mtu anasoma kibao, mwanangu. Kabla yako waliingia sita, wote wataongoza matawi. Duka moja, viongozi saba."

"Basi kwa nini mlinichukua mimi?"

"Wao walichukua jibu. Mimi nilichukua ile skrubu. Wengine waliidondosha wakaanza kuikimbilia. Mmoja aliikanyaga." Alisuuza mswaki. "Sasa unataka nikwambie ufanye nini?"

"Ndiyo."

"Sitakwambia. Ila nitakwambia kitu kimoja. Mimi nina miaka thelathini na minne kwenye kazi hii, na sikuichagua. Nilikuja kumsubiri rafiki yangu aliyekuwa anatengenezewa miwani, mvua ikanyesha mpaka jioni, mwenye duka akanipa lenzi nifute. Nikiulizwa malengo yangu yalikuwa nini, ninatunga. Hata kwenye sherehe ya miaka thelathini nilitunga, wakapiga makofi."

"Na ulipokuwa hujui, ulikuwa unafanyaje?"

Mzee alifikiri. "Nilikuwa najua cha mwaka huo. Mwaka huu nijue kusaga. Mwaka huu nijue lenzi za nguvu mbili, za kuonea mbali na karibu. Ya mbele zaidi sikuyaona, na sikuyaongopea, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Nyinyi mnaulizwa mno."

Jumatatu asubuhi Kinda alipiga moyo konde, akabisha hodi ofisini kabla duka halijafunguliwa.

"Bosi, nashukuru. Siwezi kulichukua tawi."

Meneja alikuwa amenyoosha mkono ili amshike wa pongezi. Aliurudisha. "Huwezi, au hutaki?"

"Sitaki. Sasa hivi sitaki. Mbeleni sijui."

"Lakini ulisema mwenyewe. Iko kwenye maandishi."

"Nilisema. Lilikuwa jibu la kuazima. Niliulizwa kitu ambacho sikuwa nacho, nikaenda kukiomba kwa shemeji yangu."

Nje, kwenye kaunta, zilisikika funguo za Mama Pacha zikifungua kabati za fremu moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo ulitudanganya."

"Ndiyo, bosi," Kinda alisema. Alikuwa ameandaa maneno marefu ya kujitetea, akaona hayamsaidii. "Mnaniruhusu niseme ninachokijua?"

"Sema."

"Mwaka huu nataka nijue lenzi za nguvu mbili na za watoto, kabla Fundi Mkuu hajastaafu. Napenda kukaa karakana. Hayo ndiyo ninayoweza kuyasema bila kuazima. Na jambo jingine. Faili la Mama Pacha lina miaka saba. Mngemwuliza tena."

"Usinifundishe kazi yangu."

"Samahani, bosi."

Alitoka. Karakana Fundi Mkuu alimtazama mikono, na kwa saa nzima hakumpa kazi ya kupasha fremu moto.

Alidhani limekwisha. Siku ya Jumatano, Mama Pacha alimfuata stoo alikoenda kuchukua vitambaa vya kufutia lenzi, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nani kakwambia mimi nahitaji wakili?"

Kinda alishika vitambaa kifuani. "Hakuna, mama."

"Meneja ananiambia, 'Nakuomba uombe hilo tawi, kwa sababu Kinda amelikataa, na amekutaja wewe.' Yaani mimi, miaka saba, nitajwe na mtu wa juzi! Kama pipi iliyobaki!"

"Sikukusudia hivyo."

"Na faili langu umelisoma?"

"Alinionyesha."

"Limeandikwaje?"

Mama Pacha hakusogea mlangoni.

"Limeandikwa huna malengo. Kwamba ulisema utaona mbele."

Mama Pacha alishusha mikono. Alikaa juu ya boksi la fremu bila kuangalia kama litamhimili. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anamsomea mteja tarehe ya kuja kuchukua miwani.

"Siku ile ya usaili watoto walikuwa na miezi minane. Mmoja alikuwa na homa, nimemwacha kwa jirani. Baba yao alikuwa safarini. Meneja ananiuliza miaka mitano. Mimi nilikuwa naona mpaka saa kumi ya siku hiyohiyo, basi. Nikamwambia nitaona mbele. Nilidhani nimejibu vizuri." Alitikisa kichwa. "Miaka saba nimekuwa nafungua mlango huu nikijiuliza mbona sipandi. Nikasema labda ni elimu. Labda nacheka sana na wateja."

"Utaomba?"

"Hilo halikuhusu," Mama Pacha alisema, akainuka, akajifuta nyuma ya sketi. Mlangoni akageuka. "Hivyo vitambaa si vya lenzi. Ni vya vioo vya madirisha. Vya lenzi viko juu."

Aliomba. Waliitwa watu wanne kwa kazi hiyo, akiwemo mwanamke mmoja kutoka nje ya kampuni mwenye vyeti viwili zaidi. Kinda hakuwepo chumbani, bila shaka. Alisimuliwa na Fundi Mkuu, ambaye kwa kawaida hakuwa msimulizi, lakini hili alilisimulia mara mbili siku hiyohiyo.

Swali liliulizwa kama kawaida. Mama Pacha alisema, "Miaka mitano sijui, na nikikwambia najua naongopa. Nina watoto wawili na mama mgonjwa. Miaka mitano kwangu ni mbali. Ila naweza kukwambia miezi mitatu ya kwanza." Akaieleza. Nani wa kumweka kaunta ya kule na kwa nini. Fremu zipi zisipelekwe kwa kuwa wagonjwa wanaotoka hospitali hawataki kung'aa. Saa za kufungua, ambazo alizipata kwa kusimama siku mbili nje ya lile jengo wakati wa likizo yake akihesabu watu. Wakati gani Kinda au fundi mwingine aje na mashine, na siku gani asije kwa kuwa atakaa bure. Alizungumza dakika ishirini bila karatasi.

Meneja alimwacha amalize, kisha akasema, "Lakini hapa inabidi niandike lengo."

"Andika kwamba ikifika tarehe ya kumkabidhi mteja, miwani iwe tayari. Nikiweza hilo kwa mwaka mzima, niulize tena."

"Akaliandika?" Kinda alimwuliza mzee.

"Aliandika. Ilimchukua muda, alikuwa anatafuta miwani."

Mama Pacha alipewa tawi, kwa majaribio ya miezi sita. Yule wa vyeti viwili alipewa nafasi ya kaunta, akaikataa.

Kwa upande wa Kinda mambo hayakwenda vizuri hivyo. Meneja alimpa kisogo kwa miezi kadhaa. Alimsalimu, ila maagizo yake yalipitia kwa Fundi Mkuu. Mwisho wa mwaka wafanyakazi wengine walipoongezwa mshahara, yeye aliambiwa wataangalia mwakani. Aliporudi nyumbani na habari hizo, dada alisema, "Pole," na kumkatia nyama kubwa. Shemeji hakuligusa suala hilo wiki nzima. Baadaye, walipokuja ndugu zake kutembea, Kinda alimsikia sebuleni akiwaeleza kwamba shemeji yake alikataa umeneja, kwa sauti ileile anayoitumia kutangaza msiba.

Kuna siku Kinda alijutia. Hasa mwisho wa mwezi, na hasa alipopita kwenye madirisha ya maduka ya viatu. Kuna siku hakukumbuka kabisa kwamba kulikuwa na kitu cha kujutia, kwa kuwa lenzi za watoto zilikuwa zimemteka. Zilikuwa ndogo, nene, na watoto hawakubali kukaa sawa ukiwapima. Alijifunza kuwapima wakiwa wanamtazama mama yao badala ya kumtazama yeye. Fundi Mkuu aliona, akasema "Haya."

Tawi lilifunguliwa mwezi wa pili wa mwaka mpya. Kufuatana na ratiba ya Mama Pacha, Kinda alitakiwa aende kule kila Jumanne na Alhamisi kufanya kazi za mashine. Jumanne ya kwanza alikosea mlango wa kuingilia, akaingia ndani ya hospitali yenyewe, akaelekezwa, akapotea tena. Alifika saa mbili na dakika ishirini, jasho linamtoka.

Mama Pacha alikuwa amesimama nyuma ya kaunta mpya, amevaa koti lililopigwa pasi, funguo zimefungwa kwenye mkanda. Hakucheka.

"Saa mbili ni saa mbili."

"Samahani, mama. Nimepotea."

"Ungekuja jana kupajua. Mimi nilikuja mara nne." Alisogeza daftari la mahudhurio, akamwonyesha pa kuandika. "Andika saa uliyofika. Si saa uliyotaka kufika."

Kinda aliandika. Kwenye benchi kulikuwa na wateja wawili, mmoja ameshika bahasha ya daktari wa macho mapajani. Mama Pacha aliichukua, akaisoma, akampa Kinda.

"Hii ya kwanza. Amesema anasafiri mchana."

Kinda alining'iniza mkoba nyuma ya mlango, akavaa koti, akafungulia maji ya mashine.